Siku Nilipomficha Yunisi Kihengeni

Siku inayonirudia kuliko zote, mwanangu, si ile niliyomzika mume wangu. Ni ile niliyosikia pikipiki ikipanda kilima cha kwetu Igamba, nikamshika mkono binti yangu Yunisi na kumtumbukiza ndani ya kihenge cha mahindi.

Keti nikueleze. Nikimaliza, nihukumu tu, nimeshazoea.

Yunisi alikuwa na miaka tisa, na alikuwa na kifafa. Alianguka darasani akiwa la pili, wenzake wakakimbia, maana watu walikuwa wakiambiana kwamba lile povu huambukiza. Mwalimu wake, mtu mwema, akaniambia, "Mama Yunisi, mpumzishe mwezi mmoja, apate dawa, kisha umrudishe." Nikampumzisha. Mwezi huo huo baba yake akafariki, na mwezi mmoja ukageuka mwaka na nusu. Hilo nalisema mwanzo kabisa, kwa sababu zamani nilikuwa nalisema mwisho, au silisemi.

Sikumwacha akae bure. Nimeishia darasa la saba, lakini kusoma nasoma, na hesabu za kujumlisha na kutoa nazijua. Tukitoka kupalilia kahawa nilimkalisha jikoni na daftari lake, naye akasoma huku mimi nikichochea moto. Majirani wakaniita Mwalimu Mkuu. Watoto wao wakipita njiani waliimba, "Shule ya jikoni, kengele ni sufuria!" Yunisi alicheka sana. Mimi nilicheka kidogo.

Ambaye hakucheka ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu, aliyekuwa akifanya biashara Tunduma, mpakani. Baada ya arobaini alikuja akasema mtoto ni wa ukoo, mahari ililipwa, aende kwake mjini akasome. Nikakataa. Tangu siku hiyo sikutulia. Jumamosi hii anakuja shangazi wa mtoto, anamvua gauni amtazame mgongo kama nampiga. Jumamosi ile anakuja binamu, anawauliza watoto wa jirani kwangu wanapika nini. Siku moja shemeji alisimama uani, watu wanasikia.

"Shemeji, la saba lenyewe ulipita kwa kusukumwa. Leo umekuwa chuo?"

"Na wewe uliyeishia la tano," nikamjibu, "umekuja kunikagua?"

Watu wakaangua kicheko. Nilifurahi jioni nzima. Hasira hasara, mwanangu, na kicheko kile nilikilipia.

Kwa sababu kesho yake alikwenda kwa mtendaji wa kata, akasema nimemfungia mtoto ndani mwaka mzima, namnyima shule na dawa. Mtendaji akaandika wilayani. Akaja kwa pikipiki ofisa wa ustawi wa jamii, mama mpole mwenye begi la mgongoni. Mara ya kwanza alitazama madaftari, akatazama vidonge, akazungumza na Yunisi peke yake, akanywa maji. Akiondoka akasema, "Nitarudi, mama. Usiogope."

Mtu akikwambia usiogope, ndipo unapoanza. Nilipalilia nikigeuka nyuma. Nilikula nimesimama. Kila pikipiki niliyoisikia ilikuwa yake, hata zile za wauza samaki. Naye shangazi mtu akaja kunimwagia petroli kwenye moto: "Akirudi yule, wifi, anarudi kumchukua." Nikaamini. Sikumuuliza amesikia wapi.

Basi ofisa aliporudi, ilikuwa masika na kihenge kilikuwa kimebaki nusu. Nikampandisha Yunisi ngazi, nikamwambia, "Kaa kimya mpaka nikuite," nikarudisha kifuniko cha nyasi. Ofisa akauliza mtoto yuko wapi. Nikasema amekwenda kwa mama yangu, kijiji cha Mbebe. Mama mkwe wangu alikuwa barazani anachambua maharage, hakuinua uso. Ofisa alikaa karibu saa nzima akimngoja mtoto, kisha akaondoka.

Nilipofunua nilimkuta mwanangu amelala kifudifudi juu ya mahindi, povu limechanganyika na pumba mdomoni, fahamu ndiyo kwanza zinarudi. Nikamgeuza ubavu, nikamsafisha kwa kidole. Akaniambia, "Mama, nilisikia kifafa kinakuja. Nilikuita. Nilikuita pole pole, maana ulisema nikae kimya."

Mama mkwe alinisaidia kumshusha. Alisema neno moja tu: "Ungemzika na huyu." Akarudi kwenye maharage yake.

Haikupita wiki mbili nikapata barua ya wito. Pande zote mbili zitasikilizwa ofisi ya kata, mbele ya ofisa wa ustawi, na yeye ndiye atakayependekeza mtoto akae wapi. Nikaandika kurasa tisa za daftari, mbele na nyuma. Nikazipeleka Vwawa kwa Mzee Simoni, karani mstaafu wa mahakama, aliyekuwa akiwaandikia watu barua kwenye meza nje ya duka la fundi cherehani. Akavaa miwani, akashika penseli.

"Hapa umeandika shemeji yako anataka shamba la kahawa. Alikwambia?"

"Hapana, Mzee, lakini kila mtu anajua."

"Huyo Kila Mtu ataje jina na kijiji, nimweke shahidi." Akapiga mstari. "Hapa, wifi yako ni mchawi."

"Ni mchawi kweli."

"Ulimkuta juu ya paa?" Akapiga mstari mwingine. Fundi cherehani akacheka mpaka akasimamisha mashine.

Kurasa tisa zikawa mbili. Halafu akauliza, "Ofisa alipokuja mara ya pili, mtoto alikuwa wapi?"

"Mbebe."

Aliweka penseli chini. "Mama, nimekaa mahakamani tangu nywele zikiwa nyeusi. Mtu akitaja mahali ambapo hakuna aliyekwenda, namsikia."

Nikamweleza. Sikumweleza vizuri, nilikuwa nalia. Akasema bila kupandisha sauti: "Unataka waamini kwamba umesumbuliwa. Waamini mdomo upi? Huu uliosema Mbebe?"

"Nikilisema watamchukua, Mzee."

"Huenda. Siwezi kukuahidi. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na safari hii kifo kilikuwa kimeshaingia kihengeni. Andika. Siku ipi, nani alikuja, alifanya nini, alisema nini kwa maneno yake mwenyewe, nani alikuwepo. Na lako liandike hivyo hivyo, lisiwe fupi kuliko ya wenzako."

Nilitembea na karatasi zile siku nne. Nililiandika, nikalikata, nikaliandika tena.

Siku ya kikao shemeji alianza, akasema mengi. Kisha nikasimama nikasoma. Nilisoma Jumamosi zile moja moja. Nilisoma maneno ya uani, ya kwake na ya kwangu. Nilipofika kwenye kihenge nikasoma mpaka mwisho.

"Mnaona?" shemeji akaruka. "Mnaona wenyewe!"

"Kaa, kaka," mtendaji akamwambia. "Wewe umesema kafungiwa mwaka mzima. Yeye anasema siku moja, saa moja. Ulimwona kafungiwa siku gani?"

"Niliambiwa."

"Na nani?"

Akamtazama dada yake. Dada yake akatazama sakafu.

Lakini ofisa wa ustawi alikuwa akinitazama mimi. "Mama Yunisi, ulinidanganya, na ulikaribia kumuua mtoto. Hilo naliandika." Akaandika, nami nikiisikia kalamu. Kisha akamgeukia mama mkwe wangu, ambaye sikuwahi kujua yuko upande gani.

Bibi akasema, "Mlichokisikia ni kweli, nilikuwepo. Nami nilinyamaza, kwa hiyo mniandike na mimi. Lakini akianguka, huyu mama ndiye anayemgeuza ubavu. Mwanangu huyu wa kiume hajui hata mtoto anavyoanguka."

Wakaamua Yunisi abaki kwangu. Arudi shule muhula unaofuata, mwalimu aelezwe hali yake kwa maandishi. Kadi ya kliniki nipeleke kwa mtendaji kila mwezi. Ofisa atakuja bila taarifa, na ndugu wa mume watakuja kwa taarifa. Mimi nikaonywa kwa maandishi, nikatia sahihi. Sikushinda, mwanangu. Nilirudi na mtoto, basi.

Alisoma akamaliza la saba. Akiwa na miaka kumi na tisa alianguka mtoni, akiwa peke yake, na hakuinuka. Shemeji alikuja siku hiyo hiyo kutoka Tunduma, akashika jembe, akachimba kaburi bila kupokezana na mtu. Lile shamba la kahawa hajawahi kuligusa mpaka leo. Kumbe huenda alimtaka mtoto wa kaka yake tu, akamtaka kwa njia mbaya. Sijui. Nashukuru Mungu kwamba ule mstari wa shamba ulikatwa, maana ningekuwa nimeapa juu ya moyo wa mtu, na moyo wa mtu ni msitu.

Sasa wewe unayesomesha mtoto wako nyumbani kwa sababu unazozijua mwenyewe, na ndugu wamekuchongea, na barua ya wito iko mkononi: usikimbie, na usimfiche mtoto. Anayekuja kumtazama mpe kiti, muulize anachotaka kuona, umwonyeshe. Andika siku jambo linapotokea, si mwezi ukishapita. Andika uliloona na ulilosikia kwa masikio yako. La kuambiwa, mwache aliyekwambia aje alisemee. Kosa lako litaje wewe kabla halijatajwa, na ulitaje lote. Linaweza kukugharimu, nami sitakudanganya kwamba haliwezi. Lakini mtoto akikuita, akuite kwa sauti yake yote.

Mungu akulindie mlango na mtoto aliye ndani yake. Akupe mkono usiotetemeka unapotia sahihi, na usingizi ambao mimi bado nautafuta.