Chumba cha Lugha Changa

Mdogo wangu Nasri alipoanza kufundisha watu lugha ya kompyuta aliyoipata bure, nilisema palepale: hapo pana namna. Tangu biashara iwe ruksa nauza vitenge hapa Singida mjini, na sijaona mtu wa mbali akakupa kitu bure asiwe na lake jambo. Nasri akanicheka. Akasema ni lugha ya kuiamrisha mashine, si ya kusema, ndiyo kwanza inachipukia, na walioitunga wanataka tu ienee. Haya.

Alikuwa na kompyuta mbili nyuma ya duka langu, moja tu ndiyo iliyounganishwa na intaneti kwa waya wa simu. Huko mtandaoni kulikuwa na baraza kubwa ambako mafundi wa dunia nzima wanaulizana maswali, na kila lugha iliyokomaa ilikuwa na chumba chake. Ya Nasri ilitupwa kwenye kona ya Mengineyo. Mwanafunzi wake akiuliza swali asubuhi, mchana limeshafukiwa na maswali ya wengine, na mwanafunzi mwenyewe anakata tamaa. Hilo lilimuuma sana. Akawaandikia wenye baraza kuomba chumba, wakajibu kwamba waone kwanza kama lugha hiyo ina watu.

Basi akaita watu wake, wote aliowafundisha. Na kwetu ukiitwa kuunga mkono jambo, hutumi salamu, unakuja mwenyewe. Wakaja siku ya mnada, siku ambayo kila mtu ana safari ya mjini: Mwalimu Eliana, Zefania wa Mkiwa, vijana wa Mtinko, foleni mpaka kwenye vitenge vyangu. Mmoja anaketi kwenye ile kompyuta yenye intaneti, anaandika jina lake chini ya ombi, anainuka, mwingine anaketi kiti kilekile. Mimi nawakodolea macho tu, nikijiuliza nani kawalipa nauli hawa. Hakuna aliyewalipa.

Jibu lilikuja kabla sijafunga duka. Walisema majina yote yametoka kwenye mashine moja, mchana mmoja, kwa hiyo ni mtu mmoja mwongo. Wakayafuta yote, na Nasri wakamfungia asiandike tena. Akawatumia barua pepe kueleza kwamba mashine ni moja lakini watu ni wengi. Kimya. Niliumia, jamani. Kushuku watu ni kazi yangu mimi, lakini mdogo wangu si mwongo.

Mwaka uliofuata chumba kikafunguliwa, kwa maombi ya watu wa nchi nyingine. Nasri aliruhusiwa kusoma, kuandika hapana. Swali la kwanza kuulizwa mle lilikaa siku na siku bila mtu wa kulijibu, na yeye jibu alikuwa nalo. Kila asubuhi alilifungua, akalisoma, akalifunga.

Nikachoka kumtazama. Nikamwambia ajiandikishe kwa jina jingine amjibu huyo mtu, nani atajua?

"Dada," akasema, "nikifanya hivyo watakuwa wamesema kweli."