Mlango wa Nne

Asubuhi ile hatukuwa na mpango wowote. Nilikuwa nakunywa chai nje ya nyumba yetu, Busia, upande wa Kenya, nikiangalia malori yaliyopanga foleni kuingia Uganda. Mke wangu akatoka na begi begani.

"Baba watoto, umefika Juba, umefika Goma, umelala Lamu juu ya magunia. Mpaka huu hapa wa kutupia jiwe umekushinda nini?"

Nilivaa viatu nikamfuata. Jibu nilikuwa nalo, rafiki yangu, ila sikuwahi kumpa mtu. Nilizaliwa ng'ambo hiyo, Kampala, kwenye nyumba za polisi kilimani Nsambya, na tangu nilipokuwa na miaka saba naamini kwamba mimi ndiye niliyemuua baba yangu. Mama alinivusha usiku, akanilea kwao, akafa bila kulitaja jambo hilo. Shule niliiacha darasa la tano. Nimezunguka nchi za watu nikiuliza kila kitu isipokuwa hicho kimoja.

Mke wangu anapenda mambo ya kale, kwa hiyo tulipofika Kampala tulianza na makaburi ya wafalme. Mwongozaji alitutajia ukoo unaoezeka paa na ukoo unaoshughulikia nguo za magome ya miti. Mke wangu akanigeukia.

"Hawa wanamjua mpaka babu wa mwezekaji. Wewe hujawahi kunionyesha hata mtu mmoja wa kwenu."

Hapo hapo, tumevua viatu, nilimweleza yote.

Nyumba zetu zilikuwa safu ya vyumba chini ya paa moja la bati, na kuta hazikufika juu. Ukipiga chafya mlango wa kwanza, mlango wa sita wanakuambia pole. Hatukuitwa kwa majina ya koo. Sisi tulikuwa mlango wa nne. Alfajiri filimbi ya gwaride, harufu ya kiwi ya viatu, honi ya treni kutoka bondeni. Bibi, mama yake baba, alikuwa ametoka Acholi kuja kukaa nasi. Alisaga ufuta juu ya jiwe, akauchanganya na mboga chachu, tukala na posho, yaani ugali, hadi vidole vikanuka mafuta siku mbili. Jirani wa mlango wa tatu alikaanga mandazi ya kuuza, na yaliyoungua yalikuwa yangu. Mpaka leo andazi lisiloungua naliona limekosa kitu.

Na kila mlango ulikuwa na kipigo chake. Baba alitumia mkanda wa kazi, upande wa chuma. Sisi watoto tulilinganisha alama bombani kama watu wazima wanavyolinganisha vyeo. Lakini kulikuwa na desturi: kipigo kikizidi, wanawake wa safu nzima waligonga ukuta kwa sufuria, ngo ngo ngo, mpaka mwanamume aone haya aache. Mama aliokolewa na sufuria zile mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Kisha, baada ya mapinduzi, wakaja watu wenye bunduki, wakiwasaka watu wa kaskazini kama sisi Waacholi. Walikuwa na njia yao: wanakusalimia kwa lugha ya kwenu, ukijibu umekwisha. Baba akapiga marufuku Kiacholi nyumbani. "Hapa ni Kiswahili tu," alisema, akimtazama bibi. Bibi alinung'unika kwamba asiyeitikia salamu hana watu, akaendelea kusaga.

Siku ile baba alikuwa amenipiga kwa sababu ya kikombe. Nilikuwa nimekaa kizingitini, damu inanikauka mgongoni. Wanaume watatu wakasimama mbele yangu. Mmoja akainama, akatabasamu: "Itye nining?" U hali gani. Nilijua nisijibu. Nilijua vizuri kabisa. Nikamtazama machoni nikasema, "Atye maber." Sijambo.

Walimtoa baba akiwa na fulana. Kitako cha bunduki kilimpiga mdomoni, na meno yakaanguka kwenye unga wa ufuta. Bibi alimshika mguu, wakamkanyaga mkono mpaka ukalia kama kuni kavu. Walimpiga baba pale pale mlangoni, muda mrefu, kisha wakamkunja ndani ya buti la gari, na kwa kuwa mguu mmoja haukuingia walifunga mara tatu. Safu nzima ilikuwa kimya. Hakuna aliyegonga sufuria hata moja.

Nilipomaliza, mke wangu hakunipa pole. Alisema tu, "Twende Nsambya, tukatafute aliyekuwepo."

Kanisa bado lipo kilimani. Pale nilipoitafuta safu yetu sikuona hata jiwe. Palikuwa na ghorofa, nguo zimeanikwa mpaka juu. Muuza ndizi mmoja alicheka nilipotaja mlango wa nne. "Ssebo, watu wa mabati waliondoka zamani. Lakini iko mzee mmoja, mama ya mandazi, anakaa Namuwongo chini, karibu na reli. Huyo hafi."

Tuliteremka kwa miguu. Tulimkuta jioni, ameketi mbele ya chumba kimoja cha mbao, kope zimelegea usoni kama nta ya mshumaa. Jirani yangu wa mlango wa tatu. Nilijitambulisha kwa namba ya mlango. Alinishika uso kwa mikono miwili, akaunusa.

"Mtoto ya afande! Umezeeka vibaya, wewe. Nani huyu, bibi yako? Nyabo, pole, umeolewa na mtu ya kutembea-tembea, viatu yake inasema."

"Nimezoea, mama," mke wangu alisema.

Alituingiza ndani, akatupakulia maharagwe. Nilikula vijiko viwili, nikashindwa kungoja. Nikamuuliza: wale watu, kama nisingejibu, wangepita?

Aliweka kijiko chini.

"Wewe umebeba hiyo miaka yote? Mtoto yangu, walikuja kwangu kwanza. Walikuwa na mzee wangu nyuma ya choo, kisu iko hapa," akajigusa chini ya sikio. "Wakasema, onyesha Mwacholi moja, tutaacha huyu. Mimi nikaonyesha mulango yenu. Wewe walikuwa wanakuchezea tu. Walishajua."

"Na mzee wako?"

"Waliacha. Mwaka iliyofuata wakarudia yeye."

Sijui nilisimama lini. Teke langu lilirusha sufuria ukutani, maharagwe yakachuruzika kwenye mbao, na mkono wangu ulikuwa umeshika mchi wake wa kutwangia, uliokuwa umeegemezwa mlangoni, umeinuliwa juu ya kichwa kile cheupe. Nilitaka kusikia mfupa. Nakuambia wewe kwa sababu umenivumilia mpaka hapa: nilitaka sana.

"Piga," alisema. Hakufunga macho. "Nilijua mmoja yenu atakuja."

Mke wangu hakunishika. Alipiga magoti sakafuni akaanza kuzoa maharagwe kwa kiganja. "Ukimpiga," alisema bila kuinua kichwa, "mtu wa mwisho aliyemjua baba yako amekwisha. Hapo utamuuliza nani?"

Mchi ulikuwa mzito. Niliuweka chini, nikaketi. Nje mvua ilikuwa imeanza, mtaro umefura, njia ya kurudi mjini haionekani. Kikongwe alitandika godoro lake, akasema yeye atalala kwa jirani. Mlangoni akaongeza kwamba baba alikuwa akiimba anapopiga pasi sare, na kwamba kesho, nikitaka, atanitajia kijiji alikotoka.

Safu ya mabati haipo, na bibi hayupo, na ufuta nanunua uliosagwa kwa mashine. Hayo nilishayazoea. Lakini nilikuwa najua mimi ni nani: mtoto aliyemsaliti baba yake. Kwa hilo niliacha shule, kwa hilo sikukaa mji mmoja miaka miwili. Kikongwe ameliondoa kwa maneno machache, na mahali lilipokuwa pamebaki mtoto aliyetaka baba yake afe, akapata alichotaka bila kukifanya. Huyo sijui nimpeleke wapi.

Mke wangu alilala upande wa ukuta, akasogea. "Panakutosha?" aliuliza.

Nilijinyoosha juu ya godoro la yule mwanamke. Nikamwambia panatosha.