Jagi Chini ya Taa ya Zambarau

Kila asubuhi fundi wa kinu cha kusagia vioo alimkuta mchaguaji ameshakaa gizani chini ya taa ya zambarau, vipande vikimpita kwenye mkanda. Vioo vya kawaida vilibaki vyeusi. Vyenye madini ya risasi, ambayo ni sumu, viliwaka buluu hafifu, naye alivitoa kimoja kimoja, kama anayetoa kope jichoni mwa mtoto. Akishuku, aligonga kwa kucha. "Hiki kinaimba," alinong'ona, na mlio ule ulikawia hewani kupita kiasi, dalili nyingine ya risasi.

Siku moja fundi alileta jagi zuri la kioo alilopewa na mama mkwe, limejaa juisi ya machungwa. Akanywa yeye kwanza, akamkaribisha. Mchaguaji hakuonja, alilisogeza chini ya taa. Jagi zima likawaka buluu, na vidole vya fundi juu yake vikaonekana kama vya maiti.

"Kaka, wanao wanalitumia hili?"

"Kila siku. Juisi inalala humohumo."

Mchaguaji aliimwaga yote sakafuni, taratibu. "Uchachu wa machungwa huivuta risasi kutoka kwenye kioo. Wapeleke wakapimwe damu. Nenda, kinu nitakizima mimi."

Fundi alikimbia. Alipofika getini ndipo alipogundua kuwa bado analamba midomo.