Baba wa Kukodi

Nakuru nzima inanijua sura, na hakuna anayenijua jina. Nikipita sokoni, mama anayeuza mboga huniita Chifu, kwa sababu aliwahi kuniona kwenye runinga nikiwa chifu mla rushwa. Makanga wa stendi huniita Pasta. Hapa Section 58 ninapoishi kuna askari ambaye kila akiniona hupiga saluti na kujikamata mbavu, maana niliwahi kuigiza inspekta aliyezabwa kofi na mkewe mbele ya wafungwa. Waulize jina langu halisi, watakuangalia tu kama mtu aliyewaomba mkopo.

Ugonjwa huu wa kuigiza niliupata Subukia, nikiwa mtoto wa kibarua katika shamba lililokuwa la mzungu. Gari la sinema lilikuwa likija mara mojamoja, shuka jeupe likatundikwa kwenye ukuta wa ghala la kahawa, tukatazama filamu za zamani za Marekani. Wenzangu walimshangilia yule mwanamume mzuri mwenye farasi. Mimi nilimfuata mtu mwingine kabisa, jamaa mwenye pua bapa na macho ya usingizi. Filamu hii ni muuza pombe, inayofuata ni hakimu, nyingine ni mwizi wa ng'ombe mwenye sharubu za bandia. Nilisema ni mtu yuleyule. Wenzangu walikataa, tukabishana mpaka nikapigwa. Jina lake lilipita kwenye shuka mbio kuliko tulivyoweza kusoma, na mpaka leo silijui.

Basi nikawa yeye. Nilianza na kikundi kilichozunguka mashuleni kikiigiza vitabu vya mtihani, kuanzia Njoro hadi huko milimani kwenye baridi. Wengine walipewa shujaa na mchumba wa shujaa. Mimi nilipewa kijiji kilichobaki chote. Mchana mmoja nilikuwa mganga, mama mkwe, karani wa korti, mlevi na mbuzi. Kiongozi wetu aliniambia wazi, "Wewe huna sura, ndiyo maana nakupenda." Nilidhani ni sifa, nikamshukuru. Baadaye nikaingia runinga, matangazo ya sabuni, na filamu moja ya wageni iliyopigwa karibu na Elementaita, ambamo nilikuwa mpishi, askari na mkalimani, nikitofautishwa na kofia tu. Mkubwa wao alikuwa akiniita kwa kidole.

Mke wangu alifariki binti yetu akiwa shule ya msingi. Nilimzika Njoro, kwenye kishamba chetu, nikamlea mtoto peke yangu. Ulevi niliouigiza kwenye runinga ndio uliomsomesha. Shuleni wenzake walikuwa wakiigiza nilivyopepesuka, naye akawa anacheka pamoja nao, nikajua kwamba ameanza kunionea aibu. Hilo halikunisumbua. Mtoto asiyemwonea mzazi aibu huwa hajaenda shule.

Kisha simu zikaja na kila mtu akawa mchekeshaji chumbani mwake. Kazi ikapungua. Hapo ndipo nilipoanza kuwa baba wa watu. Kwetu msichana haolewi bila ruracio, ile siku wakwe wanakuja kuzungumzia mahari, na kwa upande wa msichana lazima aketi mwanamume mwenye mvi wa kuwajibu. Sasa, kuna wasichana wengi ambao baba alienda kununua maziwa hakurudi. Wakawa wananitafuta. Nilikuwa baba mkali, baba mpole, baba mwenye kisukari, vyovyote familia ilivyotaka. Nilijua pa kukohoa na pa kuomba mbuzi mmoja zaidi. Wale mabinti waliolewa na wana watoto. Sijuti hata kidogo.

Ila kuna ruracio moja ambapo ujumbe wa bwana harusi ulitoka Subukia, ukiongozwa na mzee mmoja wa kanisa, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, mtu mrefu asiyecheka. Tulielewana vizuri mno. Tulikunywa chai kikombe kimoja baada ya kingine, tukaombeana, akaniita ndugu yake. Wiki hiyohiyo akawasha runinga, akamwona ndugu yake ndani ya mtaro, mlevi, akilambwa na mbwa. Ilikuwa marudio ya kipindi cha zamani. Yule mzee aliona amekejeliwa yeye, kanisa lake na ng'ombe wake. Alirudi kwa familia ya msichana na kelele, wakakiri kwamba walinikodi, mpaka mambo yakatulizwa na mchungaji. Aliapa kwamba nyumba yoyote itakayomkodi yule mtu, yeye hatakanyaga tena.

Niliipenda hadithi hiyo. Niliisimulia kila mahali, na mzee nilikuwa nikimwigiza vizuri sana, shingo na kila kitu. Binti yangu pia nilimsimulia. Wakati huo alikuwa amepata kazi ya kufundisha chuoni Njoro. Hakucheka.

"Dadi," akasema, "huyo mzee ni baba ya boyfriend yangu."

Nilimwambia hakuna shida, mimi ni babake kweli, cheti cha kuzaliwa kipo.

"Ukikaa pale watasema nimekukodi," akasema. "Hata nikiwaonyesha cheti watasema nimekinunua. Huyo mzee hataki kusikia. Hiyo harusi itakufa."

"Sasa utawaambia nini?"

Alikuwa anatazama vidole vyake. "Nilishawaambia. Niliwaambia ulikufa nikiwa mdogo. Wewe na mum."

Nilikwenda jikoni nikaweka maji ya chai, nikasahau kuwasha jiko, nikakaa nikiyangoja yachemke.

Ruracio ikafanyika Njoro kwa mjomba wake, kaka ya marehemu mke wangu, mwenye mvi za kutosha. Mchumba mwenyewe alijua ukweli. Ni kijana mpole, mpole kupita kiasi, na alinyamaza kwa ajili ya amani. Mimi nilishinda nyumbani. Jioni shemeji alinipigia simu akiwa ameshiba. "Tumekusifu sana," akaniambia. "Nilivyoeleza ulivyokufa, yule mzee alitoa leso." Siku ya harusi niliomba angalau niwe nje ya kanisa. Wakanipa koti la manjano la kung'aa na kofia, nikaelekeza magari. Nilimwona binti yangu kwa mbali, ndani ya gauni jeupe, akishuka garini. Gari la nyuma yake lilikuwa linaziba lango, ikabidi nilishughulikie.

Nilivumilia kwa sababu moja. Kwetu majina yana mpango wake. Mvulana wa kwanza ni wa babake bwana, wa pili ni wa babake bibi. Mtu aliyepewa mtoto wa jina lake huwa amezaliwa tena, na hakuna wa kumnyang'anya, awe mzima awe marehemu. Wa kwanza alizaliwa, akapewa jina la mzee wa Subukia. Nikangoja. Nilingoja kama mtu anayengoja mvua, nikiangalia juu kila asubuhi. Wa pili akaja, mvulana.

"Dadi, umezaliwa," binti yangu akaniambia kwa simu.

Nililia nikiwa nimesimama sokoni, na watu wakaanza kutoa simu zao, wakidhani kuna kipindi kinapigwa. Nilimuuliza nitamwona lini. Akasema tutapanga. Hatukupanga. Mtoto akaota meno, akaanza kuketi, mimi namwona kwa picha tu.

Kisha siku moja binti yangu akaja mwenyewe Section 58, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu. Alikaa kwenye ukingo wa kiti na mkoba mapajani.

"Mzee anataka kuona kaburi," akasema.

"Kaburi la nani?"

"Lako."

"Mimi niko hapa."

"Dadi, please, usianze." Akafumba macho. "Anasema mtoto hawezi kukua bila kupelekwa mahali mwenye jina lake amelala. Anataka kuomba hapo. Nimemzungusha nimeshindwa. Wanakuja Njoro mwezi ujao, na kwa mum kuna kaburi moja tu."

Nilimtukana. Nitasema ukweli, nilimtukana matusi ambayo sijawahi kuyatamka hata jukwaani, naye akayapokea yote bila kuinua kichwa. Nilipochoka nikamuuliza, "Nikilijenga, nitamshika mtoto?"

"Dadi..."

"Nitakuwa pale. Mfanyakazi wa shamba. Hakuna atakayenijua. Nataka kumshika tu, hata kama ni kidogo. La sivyo, mwambie mkweo nimefufuka."

"Sawa," akasema. "Nitahakikisha umemshika."

Basi nikaenda Njoro nikajichimbia. Pembeni mwa mke wangu palikuwa na nafasi niliyojiwekea, na sikupenda kuianza mapema, lakini pengine popote pangeonekana uongo. Nilirundika udongo, nikaupiga ukashuka, kwa kuwa kaburi la zamani huwa limelala. Nilipanda nyasi juu yake. Msalaba niliufanya wa saruji, nikauvunja ncha moja, nikaupaka mavi ya ng'ombe na maziwa lala yaliyochacha ili uote ukungu wa kijani. Jina niliandika kwa rangi nyeusi, kisha nikalikwaruza kwa brashi ya waya mpaka likaonekana limenyeshewa miaka mingi. Nilisimama nikalisoma. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona jina langu limeandikwa mahali ambapo watu watakuja kulitazama. Nilikuwa na hasira, na pia, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Siku yenyewe nilitoa meno yangu ya bandia nikayatia mfukoni. Uso uliporomoka wenyewe. Nilivaa gambuti na sweta iliyotoboka viwiko, nikainamisha bega moja, nikalifinya jicho moja. Mwisho nikaitia mikono yangu udongoni, mpaka ndani ya kucha, kwa maana mwigizaji husalitiwa na mikono kwanza. Watu huangalia uso, lakini huamini mikono.

Walikuja na gari moja. Mzee wa Subukia alishuka na Biblia. Mkwe wangu alimshika yule mvulana mkubwa mkono na hakunitazama hata mara moja. Binti yangu alikuwa na shada la maua mkono mmoja na mtoto mkono mwingine. Mtoto alikuwa na pua bapa kama yangu. Picha hazikuwa zimeonyesha hilo.

Mzee alinisalimia, kisha akasimama. "Wewe nimekuona wapi?"

Binti yangu aliacha kupumua, nilimsikia.

"Pengine soko ya Njoro, mzee," nikasema kwa sauti ya mtu asiye na meno. "Mimi nauzanga viazi huko."

Akanikagua polepole, akaanzia usoni akashuka mpaka kwenye mikono. Hapo akaridhika. "Umetunza hapa vizuri," akasema. "Ulimjua marehemu?"

"Nilimjua kidogo. Alikuwa mtu ya kucheka."

Tukavua kofia. Aliomba sana yule mzee. Alimshukuru Mungu kwa maisha ya baba huyu aliyeacha binti mwenye heshima, baba mnyoofu, si kama hawa wa siku hizi, Bwana, wanaouza hata ubaba wao kwa sahani ya nyama. Niliitika amina pamoja na wengine. Mtoto akaanza kulia katikati ya maombi, akijirusha, na binti yangu akashindwa kuweka maua huku amembeba.

"Mpe huyu mzee amshike kidogo," mzee wa Subukia akasema. "Uweke hayo maua vizuri."

Sikuwa nimeomba. Sikuwa nimefanya hila yoyote. Aliyeyatamka maneno hayo ni yeye mwenyewe. Nikanyoosha mikono, na mtoto akanyamaza akanitazama, nafikiri ni kwa sababu ya mdomo wangu, akaanza kuinama kuja kwangu. Binti yangu alinitazama. Kisha akamtazama mkwewe, ambaye bado alikuwa amekunja uso akinikagua tena, kama mtu anayetafuta neno lililo kwenye ncha ya ulimi. Niliona hofu ikimpanda binti yangu toka shingoni. Alimvuta mtoto akamkaza kifuani.

"Hapana, Dadi," akamwambia mzee wa Subukia. "Mikono yake ni chafu."

Aliweka maua kwa mkono mmoja, yakaanguka upande, akayaacha hivyo. Nilimchukia. Nilitaka kutoa meno yangu mfukoni, niyavae, ninyooke niseme mimi ni nani, na wote waanguke pale juu ya udongo wangu. Mzee alikuwa akinisubiri niseme kitu, kwa sababu mtu akitukanwa husema kitu.

Nikaifuta mikono yangu kwenye suruali, mbele na nyuma.

"Ni kweli, madam," nikasema. "Ni chafu."