Shuilian wa kivuko na neno lililomkwama kooni

Saa kumi na mbili asubuhi. Ukungu bado umelala juu ya Mto Xun, na Gan Shuilian anasugua sitaha ya kivuko cha Shizui kwa ufagio wa mianzi, kwa nguvu kama mtu anayeidai deni. Leo ni siku ya gulio. Gati la kusini limeshajaa pikipiki, magunia ya mdalasini, matenga ya bata na watu wenye haraka ya kufika sokoni ng'ambo kabla tambi za asubuhi hazijaisha.

"Shuilian, leo ndiyo leo!" anapaza sauti Pan Ruifang, muuza bata, mwanamke ambaye mdomo wake unajulikana kingo zote mbili za mto. Anainua kapu lake la kununulia mboga na kulitikisa mbele ya uso wa mwenzake. "Hebu niambie, kapu hili likoje?"

Shuilian anachungulia ndani. Hamna hata jani.

"Lina heri," anajibu.

Gati zima linaangua kicheko.

"Basi umeshafeli!" anasema Ruifang, huku akijipiga paja. "Mtahini hata hajashuka garini, na wewe umeshafeli!"

Shuilian naye anacheka, lakini ufagio unazidi kwenda mbio. Mchana huu mtahini wa manahodha wa mtoni anakuja kumpima kwa mara ya pili. Baba mkwe wake, ambaye ndiye nahodha, anastaafu mwisho wa mwaka. Shuilian akishindwa leo, usukani atapewa mtu kutoka mjini. Akishinda utabaki kwao, na nafasi yake ya msaidizi itachukuliwa na mumewe, Ou Weilin, aliyeko mbali kwenye kiwanda cha vigae huko Foshan tangu binti yao aanze shule. Binti sasa ameolewa.

Kilichomwangusha mara ya kwanza hakikuwa upepo wala mkondo wa maji. Kilikuwa neno moja.

Kwa lugha yetu sisi watu wa mto huu, "tupu" na "nuksi" hutoka kinywani kwa sauti ile ile. Ndiyo maana hakuna mwenye akili timamu anayelitamka neno hilo ovyo. Nyumba isiyo na mpangaji tunaiita nyumba ya heri. Mfuko usio na kitu una heri, na mwandishi wa makala haya ametembea na mifuko ya heri tangu aajiriwe. Hata buchani, ulimi wa nguruwe huitwa "faida", kwa sababu jina lake halisi linafanana na "hasara", na hakuna muuza nyama anayependa kutangaza hasara tangu asubuhi.

Kama nchi kavu ni hivyo, chomboni ni zaidi.

"Babu yangu alipakia mdalasini hapa hapa akaupeleka Guangzhou, akarudi na chumvi," anasema mzee Ou Zhaotang, nahodha na baba mkwe wa Shuilian, akiwa amekaa juu ya boya kuukuu na sigara sikioni. "Akikosa mzigo wa kurudi nao, alisema amerudi na heri. Baba yangu hivyo hivyo. Mimi nimeshika usukani huu miaka arobaini, na neno lile halijapita kwenye meno haya."

"Meno yenyewe yamebaki mangapi?" anauliza Ruifang.

"Yaliyobaki ni masafi."

Mdalasini ndio ulioijenga wilaya yetu ya Yongtan. Nyumba za matofali ya kijivu za matajiri wa zamani bado zimesimama upande wa kaskazini, pamoja na ukumbi wa wafanyabiashara wenye alama za mafuriko ukutani, moja juu ya nyingine, mpaka juu ya kichwa cha mtu mzima. Siku hizi magome husafirishwa kwa malori, na mto umeachiwa matishari ya saruji na mawe yanayoteremka kutwa kwenda kwenye miji mikubwa. Lakini vilima viko kusini, soko na kiwanda cha mafuta ya mdalasini viko kaskazini. Lazima magome yavuke. Daraja lipo, chini huko kwenye bwawa, ila anayezunguka nalo hufika sokoni wenzake wakiwa wanafunga virago.

Shuilian mwenyewe ni wa vilimani. Alikua akibandua magome ya mdalasini na dada zake, majira ya kuchipua, wakati utomvu umepanda na gome linaachia lenyewe. Mpaka leo ukipita karibu naye siku ya mvua unasikia ile harufu, au labda sisi tunajidanganya tu kwa kuwa tunamjua.

"Nilipoolewa huku mtoni nilitapika wiki nzima," anasimulia. "Mama mkwe akasema, huyu si wa maji, arudishwe kwao. Baba akasema, mwache, atatapika mpaka achoke."

Akachoka. Akajifunza kufunga kamba, kushusha mlango wa mbele na kugombana na wenye pikipiki. Kivuko ni cha bure, wilaya ndiyo inayolipa, na mshahara wake ni yuani elfu mbili na kitu kwa mwezi; wa nahodha unakaribia mara mbili yake. Usukani alianza kuushika kwa siri, mzee anapokwenda kuvuta sigara nyuma. Kisha mzee akaanza kuvuta sigara ndefu ndefu.

Wote gatini wanakubali kwamba anaendesha vizuri. Ruifang hana desturi ya kusifu mtu bure, lakini anasema mzee Ou akigonga gati bata wake wanalia, Shuilian akigonga hawajui kama wamefika.

Mtihani wa kwanza ulikuwa kiangazi. Mtahini, Bwana Xing Baoshan, ni mtu wa kaskazini ya mbali, mpole, mwenye kuvaa koti la kuokolea hata akiwa bado kwenye ngazi za gati. Sharti ni kuvuka mara mbili: chombo kikiwa na mzigo, halafu kikiwa hakina kitu, maana chombo chepesi husukumwa na upepo na kinataka mkono mwingine. Kabla ya kung'oa nanga, nahodha hutangaza kwenye redio ya upepo jina la chombo, hali yake na anakoelekea. Maneno hayo hayabadilishwi, na husemwa kwa lugha ya taifa, kwa sababu matishari yanapita na manahodha wa kila lahaja.

Kwa lugha ya taifa, "tupu" haifanani na "nuksi" hata kidogo. Shuilian analijua hilo. Kinywa chake ndicho kisichojua.

"Shizui Namba Tatu," alitangaza siku ile, "chombo cha heri, kinavuka kwenda kaskazini."

"Chombo gani?" aliuliza Bwana Xing.

"Cha heri."

"Si umesema kinaitwa Shizui Namba Tatu?"

"Ndiyo hicho, bwana."

"Sasa Heri ni kipi?"

"Ni hiki hiki. Kina heri."

Bwana Xing akageuka kuangalia jina lililoandikwa ubavuni, akamgeukia Shuilian, akaangalia tena ubavuni. Matokeo yalipotoka, sababu ya kufeli ilikuwa hii: mtahiniwa hajui jina la chombo chake.

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Habari ilifika sokoni kabla yake. Tangu siku hiyo hana amani: muuza tofu anamwonyesha sinia, mwalimu anamwonyesha mkoba, watu wazima na akili zao wanamfungulia vyungu visivyo na kitu na kumsubiri aseme. Kwa utani huo huo wanamfundisha, na yeye anajua. Nyumbani alijaribu mbele ya kioo na akaweza. Shambani akaweza. Akikanyaga sitaha, ulimi unarudi kwenye heri.

Mumewe alimpigia simu akamwambia, "Mama, sema tu! Ni lugha ya watu, kwao halina ubaya."

"Sema wewe uliye nchi kavu," alijibu.

Lakini kikwazo kikubwa kilikuwa mzee mwenyewe. Anamtaka mwanawe arudi, tena kuliko wote, ila hakutaka kusikia hilo neno chomboni mwake. Jioni moja mezani aliweka vijiti chini.

"Ukilitamka mtoni, mimi nashuka. Hata kama tuko katikati."

"Utashukia wapi, Baba?"

"Nitaogelea."

"Baba, hujui kuogelea."

"Nitajifunzia huko huko."

Basi Shuilian akawa kama kidole kilichobanwa mlangoni: mume upande mmoja, baba mkwe upande mwingine. Alipotusimulia hili hakulalamika. Alisema tu kwamba usiku huo alikosha vyombo mara mbili.

Saa nane mchana Bwana Xing anafika. Koti la kuokolea tayari liko mwilini. Anasalimia watu wote, anamtazama Shuilian kwa huruma ya mtu anayekumbuka, na mtihani unaanza.

Safari ya kwanza, yenye mzigo, haina la kusimulia, na hiyo ndiyo sifa yake. Abiria wanashuka kaskazini, ambako watu wa gulio wanangoja kurudi makwao, lakini hakuna anayekwenda zake. Wanajipanga kwenye ngazi za gati na mizigo yao, kama watu walioalikwa harusini na bibi harusi amechelewa. Safari ya pili ni ya kurudi kusini. Kwenye sitaha hamna pikipiki, hamna gunia, hamna bata. Wamebaki Shuilian kwenye usukani, mtahini pembeni yake, mwandishi kwenye kona, na mzee Ou mbele, ameshika kamba. Leo yeye ndiye msaidizi.

Tishari refu la saruji linateremka. Ni lazima litangaziwe.

Shuilian anachukua redio. "Shizui Namba Tatu," anasema. Sauti ni nzuri, haitetemeki. "Chombo..."

Anasita.

"Endelea," anasema Bwana Xing taratibu.

"Chombo..."

Kwenye ngazi Ruifang amefumba mdomo kwa viganja, jambo ambalo hatujawahi kuliona. Shuilian hamtazami Ruifang wala mtahini. Anautazama mgongo wa baba mkwe wake pale mbele. Jasho limemtoka mpaka kidevuni, na tishari linakaribia.

Mzee Ou anageuka. Anaitoa sigara sikioni na kuitupa majini. Kisha, kwa lugha yetu, ile ambamo neno linauma, anapiga kelele mpaka ng'ambo wanasikia:

"Kitupu! Chombo kitupu! Nimelisema mimi, kwa kinywa changu! Nuksi yake iwe juu yangu, mimi naondoka! Sema, mwanangu!"

Miaka arobaini, na baba yake, na babu yake, vyote vimetoka kwa pumzi moja.

Shuilian anajifuta macho kwa mkono wa shati. "Shizui Namba Tatu," anasema kwenye redio, "chombo kitupu, kinavuka kwenda kusini."

Redio inakoroma. Nahodha wa tishari, kumbe ni mtu wa mto huu huu, anajibu kwa lafudhi nzito: "Shizui Tatu, nimekupata. Nakupunguzia mwendo. Vuka salama, dada, na chombo chako cha heri."

Bwana Xing anamgeukia mwandishi. "Kumbe hicho chombo kipo kweli?" anauliza. Tukamweleza tukiwa katikati ya mto, na alicheka mpaka koti la kuokolea likampanda masikioni. Kivuko kiligusa gati la kusini bila mtu kujua kama tumefika.

Amefaulu. Cheti kitatoka baada ya wiki chache.

Jioni tunamkuta mzee Ou kibandani kwa muuza chai, anacheza karata, na anapoteza kila mchezo. Tunamuuliza kama haogopi.

"Nuksi imeshanipata, huioni?" anasema akionyesha karata zake mbovu, uso umejaa furaha. "Itanifanya nini tena? Nilimlea Weilin mtoni ili asiwe mtu wa kuja kwa likizo. Mchezo mwingine hapo, gawa."

Shuilian yeye yuko gatini anafunga kamba, kazi ambayo hivi karibuni haitakuwa yake. Ameshampigia mumewe. Weilin aliuliza kama ni kweli atakuwa chini ya amri ya mkewe. Akajibiwa kwamba amekuwa hivyo siku zote, sasa atalipwa. Shuilian ana mpango wa kumfundisha mafundo upya, maana kiwandani hawafungi kamba, na mlango wa mbele una namna yake ya kushushwa. Anataka pia kupaka rangi chumba cha nyuma, ambacho mzee amekigeuza ghala la nyavu.

Tunamuuliza anangoja nini zaidi. Anafikiri, huku akivuta fundo la mwisho.

"Kila mwaka mpya unapokaribia, nawavusha waume za watu wakija makwao, na wangu yumo," anasema. "Sikukuu ikiisha nawavusha tena kwenda kupanda basi, na wangu yumo. Mwaka huu wa kwangu namvusha kuja tu. Kurudi, hata akilia, simpakii."