Kipa Aliyepigwa Polepole

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka vizuri kuliko ninavyoielewa. Miaka ya tisini ilikuwa ikielekea mwisho, nami nilikuwa kipa wa hoki ya barafuni katika ligi ya wanaume, kwenye uwanja wa ndani usio mbali na mji wa Bladensburg, huko ughaibuni. Mwanamke nilikuwa peke yangu. Usidhani walinitafuta kwa ubora wangu. Makipa walikuwa adimu, kwa kuwa ni wachache wanaokubali kusimama mbele ya kisahani cha mpira mgumu kinachokuja kwa kasi ya gari, na akosaye la mama hata la mbwa huamwa.

Msimu huo nilifungwa kwa nadra sana. Wenzangu, mafundi bomba na makarani, walinipigapiga mabegani wakiniita ukuta. Hata Greg, nahodha wa timu ya daraja la juu, alinialika nikaidakie timu yake msimu uliofuata. Tulikubaliana tuongee baada ya mechi yetu ya mwisho, ambayo angekuja kuitazama. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nilisifiwa nikaanza kutembea kifua mbele.

Kisha nikaona jambo. Katika mechi moja alikuwepo Kevin, mshambuliaji mrefu wa timu pinzani. Wakati wa kupasha mwili moto, mapigo yake yaligonga ubao wa uwanja kwa kishindo cha mlango uliobamizwa na upepo. Mchezo ulipoanza yakanifikia laini, kifuani kabisa, kama mtu anayemrushia mtoto chungwa. Nikawachunguza wenzake. Walikuwa vivyo hivyo.

Nikamuuliza Paul, beki wetu, "Hawa wananipiga hivi kwa nini?"

"Si unadaka?" akajibu. "Shida iko wapi?"

Nilivua mavazi yangu katika stoo ya mafagio, maana chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa cha wanaume, nikajiuliza: yote niliyodaka nilidaka, au nilipewa? Na Greg alimwalika nani hasa?

Jumapili nikaenda mji jirani wa Riverdale Park kwa shangazi yangu Zuhura, mtu wa Pangani. Nikamkuta anachambua mchele, nikamweleza yote. Nilitegemea kuliwazwa.

"Wanaume wazima wanakuhurumia, na wewe umenuna," akasema. "Mimi kazini nani ananihurumia?"

"Lakini shangazi, sijui kama naweza kweli."

Akatupa punje ya mpunga pembeni. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe umekaa ugenini msimu mzima. Hawajakupa jembe, na wewe hujaliomba. Unataka waoteshwe?"

"Na nikiaibika?"

"Utaaibika. Halafu utakuja hapa ule."

Mechi ya mwisho tulikutana tena na timu ya kina Kevin. Nikabisha hodi kwenye chumba chao nikiwa nimevaa kila kitu ila kofia. Mmoja akajifunika taulo harakaharaka. Nikawaomba wanipige kama wanavyompiga kipa mwingine yeyote.

Kevin akasema, "Mke wangu akisikia nimekuvunja taya, nitalala garini."

"Mwambie niliomba mwenyewe."

"Huyo? Hatasadiki," akasema mwenye taulo, wote wakacheka.

Wakanipiga. Mwanangu, walinipiga. Nilifungwa mabao saba, na mengine hata sikuyaona yalivyopita. Wenzangu walinitazama kama mtu aliyelogwa. Karibu na mwisho tukabaki mimi na Kevin tu, akainua gongo lake la kupigia, na mguu wangu ukaenda kabla sijauamuru. Kisahani kikagonga pedi ya mguuni, kikatoka nje. Kevin akanitukana tusi zito, la moyoni. Nikahisi machozi, nisijue ni ya maumivu au ya furaha.

Greg aliondoka bila kuaga, na mwaliko ukafa hapo hapo. Nilibaki katika timu yangu ya chini, nikadaka miaka mingine kadhaa, wala hakuna aliyenilegezea tena. Bado nababaika. Huenda ningenyamaza ningepanda daraja, na huko ningejifunza. Huenda yale mabao yalikuwa ubishi wao, si kipimo changu. Lakini lile pigo moja, najua ni nani aliyelizuia.

Basi shika haya. Mahali ambapo hakuna anayekupinga wala kukusahihisha, usikimbilie kushukuru. Uliza kwa nini. Ukitaka kuijua thamani ya kazi yako, mwombe mwenye nguvu akupime kwa nguvu zake zote, na umwombe kwa adabu, kabla ya mchezo, si baada yake. Itakugharimu, na huenda ukakosa ulichokitamani. Aliyekubali kukupima usimwekee kinyongo.

Mola akujalie mwili wa kustahimili, na wapinzani wanaokuheshimu kiasi cha kutokukuachia. Kaa kwa amani, mwanangu.