Lori la Jeshi kwenye Kwado ya Adolphine

Lori la Stanislas lilipofika kwa mara ya kwanza, watu waliteremka kutoka vichochoro vya mtaa wa Cimpunda, mjini Bukavu, kuja kulitazama. Lilikuwa la kijani kilichopauka, limeinuka juu ya magurudumu manne makubwa yanayomfikia mtu mzima kifuani. Jeshi moja la Ulaya lililichoka na kulipiga mnada. Likaja kwa meli, kisha kwa barabara ndefu, mpaka likasimama mbele ya kwado ya Adolphine, hapo chini ya mlima ambapo madereva wa Kadutu huziba na kubadilisha tairi zao.

Adolphine alilizunguka pole pole, mkono kiunoni. Tairi zilikuwa zimekaa juani miaka mingi uwanjani huko zilikotoka. Zilipasuka pasuka ubavuni, na ukiingiza ukucha unazama. Bukavu nzima haikuwa na tairi za kipimo kile, na Goma walijibu kwa simu kwamba hata wao hawana.

Alikuwa amepita miaka hamsini. Zamani aliuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, sokoni Kadutu, na kwado ilikuwa ya mume wake, Ignace. Lakini siku moja Ignace alikuwa anajaza upepo gurudumu la jeshi. Janti za namna ile, yaani ringi za chuma zinazovishwa tairi, hazikuumbwa kipande kimoja. Zina pete ya chuma inayoibana tairi isitoke, na pete ile isipokaa vizuri, upepo huirusha kama bomu. Iliruka, ikavunja mkono wa kulia wa Ignace mahali pawili. Madaktari waliutia vyuma, ukapona nusu: haupandi juu ya mshipi. Tangu hapo Adolphine ndiye aliyeshika mtalimbo, naye Ignace akabaki kwenye benchi, akibandika viraka kwa mkono wa kushoto na kusikiliza kazi ya mke wake kwa masikio. Binti yao, Aurore, aliolewa Uvira. Nyumbani walibaki wawili.

Stanislas alikuwa shemeji yake, mume wa marehemu mdogo wake Francine. Francine alipougua, Stanislas aliuza gari lake la kwanza, lile lililokuwa linamlisha, ili kumtibu, na hakusikika akilitaja tena. Kwa hiyo alipokuja na lori lake na kusema anataka kupakia maharagwe na unga wa muhogo kwenda Mwenga, Adolphine hakupata mdomo wa kumkatalia. Alimkatalia jambo moja tu. Stanislas alitaka wazilazimishe tairi nyingine zikae kwenye janti zile zile za jeshi. Adolphine alimwambia kwamba hapo kwake hakuna mtu atakayetia upepo kwenye janti yenye pete. Atafute magurudumu mazima ya lori la kawaida, janti kipande kimoja, ndiyo atayafunga. Kama hataki, kwado ni nyingi mjini.

Stanislas alitafuta. Upande wa Panzi alikuta lori la mizigo lililokufa injini, akanunua magurudumu yake. Matundu ya buloni, bolti za kushika gurudumu, yalilingana na ya jeshi, lakini tundu la katikati lilikuwa dogo, ikabidi yapelekwe kwa mkereza vyuma alipanue. Huko mkereza aliona kwamba janti mbili zina nyufa, akazitupa pembeni. Zikabaki mbili nzima.

Kazi ya kufunga hizo mbili ilimmaliza Adolphine. Buloni za lori zilikuwa zimeoteana na kutu. Alimwaga mafuta, akangoja, akachomeka ufunguo, akaongeza bomba refu, kisha akapanda juu ya bomba lile kwa miguu miwili na kurukaruka mpaka buloni ikalia. Akishuka, anaanza nyingine. Mgongo ulikuwa unamuuma tangu msimu wa mvua uliopita, na maumivu yake hakumtajia mtu, maana Ignace akisikia angetaka kuinuka. Magurudumu mapya yalipoingia mbele, na nyuma kubaki yale ya jeshi, yalikuwa mafupi kuliko ya zamani, na yalikaa ndani zaidi. Ukikata usukani mpaka mwisho, tairi inasugua chuma cha springi. Wakamwita mchomeleaji, akaweka kipande kidogo cha kuzuia usukani usifike mwisho. Lori sasa liliinamisha pua kama ng'ombe anayekunywa maji, na kwenye kona za Bukavu lilihitaji kukata mara mbili.

Ignace alilitazama kutoka kwenye benchi, akasema kwa sauti ya chini kwamba mbele ni fupi, nyuma ni ndefu. Yale mafupi yatazunguka haraka kuliko marefu. Dereva akiwa anavutwa na magurudumu ya nyuma tu, haina shida. Lakini akiingiza na ya mbele, kama wanavyofanya kwenye matope, magurudumu yatagombana, na kitu kitakatika.

Adolphine alilijua hilo kabla hajaambiwa. Alimwambia Stanislas angoje apate mengine mawili ndipo atoke. Stanislas alijibu kwamba mengine yatakuja, mvua ndiyo haingoji, magunia yamekwisha kushonwa na wanawake wa Mwenga wamekwisha kupigiwa simu. Alisema atamwonya dereva. Adolphine alifungua kinywa amwambie tena, akakifunga. Alikuwa amechoka, mgongo unawaka, na kitu pekee alichotaka ni lori lile liondoke mbele ya macho yake. Liliondoka. Dereva, mtu mpole aitwaye Zagabe, alimpungia mkono akiwa dirishani. Adolphine naye alimpungia.

Habari ilikuja kwa simu, asubuhi moja ya mvua. Zagabe alipita Walungu salama. Mbele kidogo alikuta matope yanafika kwenye ekseli, akaingiza magurudumu ya mbele, kwa sababu dereva gani mwingine asingeingiza? Alitoka kwenye matope, akaingia mahali pagumu, mbele akaona matope tena, akayaacha vile vile yavute. Akiwa anapanda kilima, ule mti wa chuma unaopeleka nguvu mbele ulikatika. Kipande kilichobaki kilizunguka chini ya gari kama rungu, kikakata bomba la breki. Lori likaanza kurudi nyuma na magunia yake na wanawake waliokaa juu ya magunia. Zagabe alilikatia kwenye ukingo wa udongo, likagonga, likalala upande. Yeye alivunjika mbavu. Mama mmoja, muuza muhogo, alivunjika mguu. Wengine walitoka na michubuko na kilio.

Stanislas alifika kwado akiwa na viatu vimejaa tope. Alisimama mbele ya Adolphine, akamwambia kwamba ni yeye Adolphine aliyefunga magurudumu yale, kwa mikono yake. Hakupandisha sauti. Adolphine alianza kukusanya vyombo vya kwenda navyo kwenye lori: kriki ya kuinulia gari, ufunguo, bomba, mtalimbo.

Ignace aliinuka kwenye benchi.

"Mi pia nakwenda," alisema.

"Utafanya nini kule na ule mukono, Papa Aurore?"

"Nakwenda tu."

Walipanda gari dogo alilokuja nalo Stanislas, magurudumu mawili ya kawaida yamefungwa juu. Stanislas alikuwa ameyapata yale yaliyokosekana, siku ile ile ya ajali, kwa simu chache tu, na mkereza akayapanua tundu. Adolphine alikuwa ameyatazama yanavyofungwa kamba. Vilima vya kuelekea Walungu vilipita vikiwa vimefunikwa na ukungu, wanawake wakiteremka na mizigo ya kuni mgongoni, kamba kwenye paji la uso.

Lori walilikuta limeegemea ukingo. Watu wa karibu walikuwa wameokota maharagwe yaliyomwagika, mengine wakayarudisha kwenye magunia, mengine wakayapeleka nyumbani. Hakuna aliyewauliza. Vijana wenye nguvu walilivuta kwa kamba na lori jingine mpaka likasimama wima, Stanislas akafunga breki kwa bomba la kuazima. Ile transmission, ule mti wa chuma uliokatika, waliifungua yote na kuitupa ndani ya karoseri, penye magunia. Lori lingerudi likivutwa na magurudumu yake ya nyuma peke yake. Ila Adolphine alisema halitarudi mjini na magurudumu ya namna mbili. Ya nyuma, yale ya jeshi, lazima yatoke hapo hapo.

Kutoa gurudumu lenye pete, kwanza unatoa upepo wote. Ukianza kulegeza buloni zake na upepo umo ndani, linakurukia. Na gurudumu la upande wa ukingo lilikuwa limepigwa, pete yake imepinda, mtu haoni vizuri imeshikwa na nini. Adolphine alipiga magoti mbele ya kipuli, ule mdomo mdogo wa kuingizia upepo. Alinyoosha mkono, mkono ukasimama njiani. Mvua ilikuwa nyembamba, inaingia shingoni. Alijaribu tena, vidole vikakataa.

Ndipo alipomsikia Ignace nyuma yake.

"Ondoka mbele, Maman Aurore. Kaa kwa upande, huku kwangu."

"Hapana. Wewe ondoka."

"Nimesema ukae kwa upande."

Ignace alijibana kwenye ubavu wa lori, mbali na uso wa gurudumu, mkono wa kulia umening'inia, akaupitisha wa kushoto kando ya tairi mpaka kwenye kipuli. Alikifungua kwa vidole viwili. Upepo ulianza kutoka kwa mlio mwembamba, ukaendelea, ukaendelea. Adolphine alikuwa amemshika shati mgongoni kwa mikono yote miwili kama mtu anayemzuia mwingine asianguke kwenye shimo. Vijana walikuwa wamerudi nyuma. Pete ilitoa sauti moja, tak, Ignace akafumba macho. Haikuruka. Upepo ulikwisha, tairi ikakaa chini, laini, naye akaendelea kukaa pale, jasho na mvua vikimtiririka usoni, mpaka mke wake alipomwambia imekwisha.

La pili halikuwasumbua. Adolphine alifungua, akafunga, akapanda juu ya bomba la ufunguo mbele ya watu wazima waliomwonea haya kidogo na kumsaidia kidogo. Alipokaza buloni ya mwisho alikaa juu ya gunia, Stanislas akaja kukaa karibu naye. Hapo ndipo Adolphine alipomwambia.

"Shemeji, mi nilijua. Nilikuambia mara moja, kisha nikanyamaza juu ya kuchoka. Ile ni yangu, nitaibeba. Lakini na wewe ulijua. Na Zagabe ndiye iko kitandani, na ule mama."

Stanislas alikwangua tope kwenye kiatu chake.

"Nilikuwa nakimbiza mvua," alisema. Kisha akasema, "Francine angekuwako, angenikataza."

"Angekukataza," Adolphine alikubali.

Walirudi na lori Bukavu. Mama aliyevunjika mguu alikuwa amepelekwa hospitali, na Stanislas alikuwa akienda kumtazama na chakula, wakati mwingine na Adolphine, wote wawili wakikaa kando ya kitanda. Mguu uliunga ukiwa mfupi kidogo. Mama yule hakuwatukana. Aliwauliza tu siku moja kama lori bado linatembea, nao wakasema ndiyo.

Lilitembea. Magurudumu yote manne sasa ni ya aina moja, mafupi, ya kawaida, yanayopatikana kwa muuzaji yeyote. Lori likawa la polepole, halina tena nguvu ya mbele, na wakati wa mvua haliendi zaidi ya Walungu. Mtu wa Uvira alikuja kuulizia janti nne za jeshi, Stanislas akawa tayari kumpa. Ignace ndiye aliyezuia. Alimwita mchomeleaji, akamwambia azikate vipande, na akasimama pale mpaka ya mwisho ilipokatwa.

Usiku alilalamika mkono unamuuma. Adolphine alimkanda kwa maji ya moto, naye Ignace, bila kugeuka, akamuuliza kwa nini hakumwambia kuhusu mgongo. Adolphine alimuuliza nani kamwambia. Ignace alijibu kwamba anamsikia kila siku anavyopumua akiinama.

Baada ya Pasaka, Zagabe alikuja kwado kwa miguu. Alikuwa amekonda, anatembea akiushika ubavu. Adolphine alimwachia kiti, akamletea chai, akamwomba msamaha mbele ya mume wake, kwa maneno machache. Zagabe alisikiliza akiupuliza mvuke wa chai.

"Maman, hata mi niliambiwa nisiingize mbele," alisema. "Niliingiza. Matope yalikuwa mengi."

Gari la abiria lilisimama, tairi imetoboka, dereva akashuka akipiga kelele kwamba ana haraka. Adolphine alimuuliza Zagabe kama atarudi kwenye lori.

"Kesho kutwa," alisema Zagabe. "Tutafanya je?"

Adolphine alitikisa kichwa, akashika kiuno, akainuka kwenda kutafuta kriki.